Nusu ya Kompyuta

Saa tatu na robo kiduara kilikuwa bado kinazunguka katikati ya kioo. Mama Chapa alikuwa ameshafagia duka, ameshafuta printa, ameshapanga karatasi na ameshamaliza chai yote ya kwenye chupa. Juma moja tu lililopita alikuwa akibonyeza kitufe, anakwenda kufungua madirisha, na akigeuka anakuta mashine inamsubiri yeye.

"Bado inaamka?" aliuliza Mzee Dereva kutoka kwenye benchi.

"Bado, baba. Leo imelala kifudifudi."

Mzee Dereva alikuwa ameendesha gari la wagonjwa miaka thelathini na mmoja. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya uhakiki wa wastaafu. Kabla ya saa tisa alasiri, kila mstaafu alitakiwa aingie kwenye tovuti ya uhakiki, ajaze fomu, kisha aitazame kamera ionekane kwamba yu hai. Asiyefanya hivyo, pensheni yake husimama.

"Mwaka juzi waliniua miezi mitano," alisema mzee. "Nikaenda kwa miguu yangu kuwaambia sijafa. Wakaniambia nilete barua."

Mwezi uliotangulia ofisi ilikuwa imetangaza kwamba tovuti haitapokea tena kompyuta zenye mfumo wa zamani. Maduka mengine mawili ya kuchapa mtaani hapo yalifunga, kwa kuwa mashine zao ziliukataa kabisa mfumo mpya. Mama Chapa aliokolewa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa kompyuta mwenye kibanda ng'ambo ya barabara. Mama Chapa ndiye aliyempokea kijana huyo akiwa darasa la tano. Alimsomesha ufundi kwa kuuza bangili alizoolewa nazo. Jumamosi shemeji aliibeba mashine, Jumapili akairudisha ina mfumo mpya, na alipoulizwa bei akacheka.

"Nikutoze wewe, shemeji? Mifupa hii imekomaa kwa chakula cha nani?"

Tangu hapo mashine ilikuwa ikijikokota. Siku tatu mfululizo Mama Chapa alimpigia simu, na jibu lilikuwa moja: "Mfumo mpya ni mzito. Bado unajipanga. Uvumilie wiki mbili." Akaamini. Mtu aliyemlea mwenyewe angemshuku kwa lipi?

Saa nne kasorobo fomu ilifunguka. Alichapa jina la mzee kwa vidole kumi, kasi ile iliyompa jina lake, kisha akakaa kungoja herufi zitokeze moja moja. Mwisho kamera ikawaka. Maandishi yakasema: *Pepesa macho.*

Mzee akapepesa. Picha iliganda. Akapepesa tena na tena, mpaka machozi yakamlengalenga. Ndipo likaja jibu: *Uso hauonyeshi dalili za uhai. Muda wako umekwisha. Anza upya.*

"Hapo sasa inanitukana," alisema mzee, na wote wawili wakacheka.

Mara ya tatu ilipoandika hivyo, hakuna aliyecheka.

Mama Chapa hakuwa fundi, lakini miaka kumi na miwili ya kukaa na mashine ilikuwa imemfunza mawili matatu. Alizifunga programu zote zinazojiwasha zenyewe. Akafuta mafaili ya muda, akamwaga takataka, akazuia mfumo usijipakulie mambo kimyakimya. Akawasha upya, na kuwasha huko peke yake kukala nusu saa. Wateja wawili walichungulia, wakaona kiduara, wakaondoka.

Mwishowe alifungua ukurasa unaoonyesha kila programu inakula kiasi gani. Kumbukumbu ilikuwa imejaa pomoni, asilimia tisini na nane. Chini yake paliandikwa jumla: gigabaiti nne.

Aliitazama ile nne. Ilipaswa kuwa nane. Mwaka jana zamu yake ya upatu ilipofika alinunua kijiti cha pili cha kumbukumbu, kile mafundi wanachokiita ramu, na shemeji ndiye aliyekipachika mbele ya macho yake, akakipiga kidole na kusema, "Sasa hii ni mbio."

"Labda huo mfumo mpya umekimeza," alisema mzee alipoelezwa.

"Mfumo hauli chuma, baba."

Alizima, akachomoa waya, akalegeza skrubu za kasha kwa bisibisi. Ndani vumbi lilikuwa limetanda kila mahali. Palikuwa na nafasi mbili za ramu na kijiti kimoja. Ile nafasi ya pili ilikuwa wazi, safi, haina hata chembe ya vumbi.

Mzee aliinama akatazama kwa muda mrefu. "Gari likitoka gereji lina upungufu wa kipuri," alisema polepole, "gari haliulizwi."

Mama Chapa alimwomba amwangalizie duka, akavuka barabara.

Shemeji alikuwa ameinamia simu ya mtu iliyofunuliwa. "Karibu, shemeji! Bado inasumbua?"

"Nimeifungua."

Fundi aliweka chini kifaa alichokishika. Hakuinua uso.

"Iko wapi?" aliuliza Mama Chapa.

"Kaa kwanza, shemeji."

"Nimekaa siku tatu. Iko wapi?"

"Ofisi ya uhakiki. Mashine zao zenyewe hazikuuweza mfumo mpya, na vipuri hawajaletewa. Msimamizi akaniambia nikimfufulia ile ya dirisha la pili kabla ya Jumatatu, zabuni ya matengenezo ya mwaka mzima ni yangu. Ningeipata wapi ramu Jumamosi jioni?"

"Ukaipata kwangu."

"Ningeirudisha."

"Nakupigia simu, unaniambia inajipanga."

"Sasa ningesemaje?"

"Ungesema umeiba. Si neno refu."

Shemeji alijikuna shingo. "Za wateja niliogopa, wangenifikisha polisi. Wewe ni mtu wa nyumbani. Nilijua huwezi kunipeleka popote."

Mama Chapa alikuwa amejiandaa kupiga kelele. Akaghairi. Kumbe alichaguliwa si kwa wema wake kusahauliwa, bali kwa kufahamika vizuri. Aligeuka akatoka, na shemeji akamwita mara mbili kwa sauti ya chini, ile anayoitumia mtu asiyetaka majirani wasikie.

Saa nane na dakika tano yeye na mzee walikuwa kwenye foleni ya dirisha la pili. Kwenye kioo palibandikwa karatasi: HAPA HATUJAZI FOMU. Walipolifikia dirisha ilikuwa nane na nusu.

"Fomu zinajazwa nje, mzee," alisema msimamizi bila kumtazama. "Nenda hapo kwa Mama Chapa."

"Mimi ndiye Mama Chapa," alisema mwanamke. "Na ramu yangu imo humo ndani ya kompyuta yako."

Msimamizi alitazama kushoto, akatazama kulia. "Una ushahidi?"

"Risiti ninayo."

"Andika malalamiko. Yanajibiwa ndani ya siku tisini."

"Niyachapie kwenye nini?"

Nyuma yao foleni ilikuwa imesogea karibu. Masikio yote yalikuwa pale. Msimamizi aliegemea kioo. "Mama, tusiharibiane kazi. Unataka nini?"

Alitaka chake. Lakini hapo ingebidi mashine izimwe, ifunguliwe, waitwe walinzi, waitwe wakubwa, na saa ya ukutani isingewangojea. Pembeni yake mzee alikuwa ameibana bahasha ya vyeti kifuani kwa mikono miwili.

"Mjazie huyu. Sasa hivi, kwa mashine hiyo hiyo."

"Halafu mengine yameisha?"

"Mjazie."

Ilichukua dakika nne. Fomu ilifunguka papo hapo, herufi zikavifuata vidole, kamera ikasema pepesa, mzee akapepesa mara mbili tu. Printa ikatoa karatasi ya kwamba yu hai hadi mwaka ujao.

"Na sisi?" aliuliza mama mmoja aliyefuata kwenye foleni, mmoja wa wale waliochungulia dukani asubuhi. Walikuwa watu saba.

"Huyo alikuwa na shida maalumu," alisema msimamizi, na akavuta pazia la dirisha.

Mzee Dereva hakusema asante mpaka walipofika nje, na hata hapo aliisema akitazama chini. Wale saba walikuwa wanatoka mlangoni mmoja mmoja. Mama Chapa hakuweza kuwatazama usoni.

Aliporudi dukani hakuwasha mashine. Alichukua kalamu nene na karatasi kubwa, akaandika kwa mkono: FOMU ZA WASTAAFU HAZIJAZWI TENA HAPA. NENDENI DIRISHA LA PILI. NUSU YA KOMPYUTA ILE NI YA DUKA HILI. Akaanza kuibandika mlangoni, upande wa barabara.

Watu walianza kusimama. Wale saba walisogea. Haikupita muda shemeji akavuka barabara mbio, bisibisi bado mkononi.

"Shemeji, nakuomba, itoe hiyo karatasi. Msimamizi hupita hapa akienda nyumbani. Zabuni haijatiwa saini."

Mama Chapa alikuwa akikata utepe wa gundi wa pembe ya nne kwa meno.

"Wapo hapa wasiojua kusoma," alisema. "Wasomee."