Adui wa Sehemu ya Tisa

Usiku wa kuamkia Jumamosi, Selestine Mkumbo wa Manyoni aliota yuko kazini. Kuota uko kazini ni dhuluma, maana asubuhi hakuna anayekushukuru, lakini ndoto haibishi hodi.

Kazi ya Sele ni kutafsiri filamu katika banda la video. Sauti ya filamu inapunguzwa, yeye anakaa kando ya skrini na kipaza sauti, na kila anayefumbua mdomo pale, awe bibi harusi, roboti au farasi, anasema kwa koo la Sele. Watu wa Manyoni wanampenda. Wanasema filamu bila Sele ni ugali bila mboga.

Filamu inayojaza mabenchi ni ile ya anga za mbali, yenye adui wa barakoa nyeusi. Kila sehemu inapotoka, adui huyo anakuwa ameunda silaha ya kumaliza dunia. Ya kwanza ilikuwa kubwa kama soko, ya pili kama mlima, na ya sasa inameza jua zima kama mtu anavyomeza kidonge. Kila mara stelingi, shujaa wa filamu, analikuta tundu dogo ubavuni mwa silaha, anapiga risasi humo, silaha inalipuka, na adui anatoroka ili aje tena. Sele alishaacha kumsikiliza siku nyingi. Adui akifumbua mdomo tu, Sele anatoa hotuba yake ile ile: "Leo hii mtanitambua mimi ni nani, na dunia yenu itakuwa majivu." Mabenchi yote yanaisema pamoja naye.

Ubaya ni kwamba mtindo huo alikuwa ameupeleka na nyumbani. Mkewe, Nezia, alikuwa na jambo. Kila akianza, "Sele, naomba unisikilize," mume alijibu, "Najua utakachosema, kwamba nachelewa kurudi," kisha akayamaliza mazungumzo peke yake, ya mke na ya mume. Ijumaa jioni Nezia alichoka. Alipanga nguo zake kwenye begi, akasema asubuhi anapanda basi kwenda kwa mama yake Itigi, na kurudi hajui. Walilala wamepeana migongo.

Basi, ndotoni sehemu ya tisa inaanza. Adui anatokea, anafumbua mdomo, Sele anaanza hotuba. Adui anageuka na kumtazama yeye, pale kando ya skrini.

"Sikusema hivyo," anasema.

"Endelea tu, mzee," Sele anamwambia. "Watu wanasubiri."

Ukuta wa banda unaondoka. Mabenchi yanabaki, watazamaji wanabaki na karanga zao, ila sasa wote wamo tumboni mwa silaha. Chini, mbali, inaonekana Manyoni: reli, stesheni, na bati la nyumba ya Sele. Bati halizuii macho. Nezia amelala chini yake, mkono mmoja uko juu ya begi, na mtutu wa silaha umemwelekea yeye.

"Shikamoo," inasema silaha kwa aibu.

"Marahaba. Wewe ndiwe unayetaka kuupiga mji wangu?"

"Sitaki. Mimi ni wa tisa kuzaliwa. Kaka zangu wote walikufa kwa lile tundu."

"Si mlizibe?"

"Mafundi wamekatazwa. Likizibwa, stelingi atapita wapi?"

Sele anaona hoja hiyo haina kasoro. Kitufe chekundu kinakohoa, kinamweleza utaratibu: adui haruhusiwi kufyatua kabla hajamaliza hotuba, na hotuba haihesabiki mpaka itafsiriwe. Neno la mwisho likitoka kinywani mwa Sele, kitufe kitajibonyeza.

"Na nikinyamaza?"

"Ukinyamaza natumia ile ya zamani. Nimeihifadhi yote."

Mke yuko chini, afanyeje? Sele anaongea. "Leo hii," anasema, na anaikokota hiyo leo mpaka inakaribia kesho. Anataja stesheni, Saranda, Aghondi, Itigi. Anawapa pole wagonjwa wa hospitali ya wilaya. Anatangaza msiba wa mtu ambaye bado yu hai, na mtu huyo, aliyekaa benchi la mbele, anashukuru. Koo linakauka. Maneno yanakwisha yote, linabaki moja tu kwenye ulimi, majivu, nalo linataka kutoka. Miaka yote hiyo Sele hajawahi kumwogopa adui. Sasa anauogopa mdomo wake mwenyewe.

Adui anavua barakoa. Ndani yake mna mzee wa kawaida, mwenye uso wa mtu aliyekaa foleni tangu asubuhi na dirisha likafungwa zamu yake ilipofika.

"Kama umeishiwa," anasema, "tafsiri ninachosema mimi."

"Kwani unasemaje?"

"Nasema lile nililosema tangu sehemu ya kwanza. Naomba maji ya kunywa."

"Wewe? Wewe ulisema utatuangamiza."

"Hilo lilikuwa lako. Mimi nilisema kwetu visima vimekauka. Nikaona watu wanapiga makofi na hakuna aliyenyanyuka. Nikadhani sijasikika, nikaunda kitu kikubwa ili wageuke. Wakageuka, wakapiga makofi zaidi. Basi nikaunda kikubwa kuliko hicho."

Sele anahisi aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Anashika kipaza sauti.

"Anasema anaomba maji," anatafsiri.

Mabenchi yanaacha kutafuna karanga. Marehemu wa benchi la mbele anasema, "Sele, turudishie mapigano," lakini hasemi kwa nguvu. Hapo stelingi anaingia kwa lile tundu, bunduki mkononi, nywele zimekaa vizuri.

"Anasemaje?" anauliza.

"Ana kiu."

Stelingi anafikiri. "Hapo mimi sikuandikiwa kitu," anasema, na anaketi kwenye benchi, anapewa karanga.

Sele anatoka kwa tundu na kutokea jikoni kwake. Ndoo imefunikwa. Anachota kwa kikombe cha bati, anarudi huko juu akitembea taratibu yasimwagike. Adui anakunywa yote, anajifuta kwa joho. Hakuna muziki. Kitufe kinapiga miayo.

"Na mimi sasa?" inauliza silaha.

"Pumzika," inaambiwa na adui, na inashusha mtutu wake. Kisha mzee anatazama chini, kwenye nyumba ya Sele, ambako midomo ya Nezia inacheza usingizini.

"Yule naye anasemaje?"

"Aa, yule," Sele anajibu bila kufikiri. "Yule najua anachosema."

Mzee anamtazama kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama mtoto anayechezea kiberiti. Kikombe bado kiko mkononi mwake.

Sele aliamka. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, na Nezia alikuwa ameshavaa, begi begani, anafungua komeo la mlango. Alipousukuma, kitu kilidunda juu ya bati, kikabingirika, kikaanguka mbele ya miguu yake. Kilikuwa kikombe chao. Nezia alikiokota, akakigeuza, tone moja la maji likamdondokea kidoleni. Alitazama paa, akatazama mbingu, ambayo haikuwa na hata wingu, kisha akamtazama mumewe kitandani.

"Nani amerusha kikombe juu ya nyumba?"

Sele aliketi kitandani.

"Nezia. Lile jambo ulilokuwa unataka kuniambia, ni lipi?"

"Si unalijua."

"Silijui," alisema Sele. "Niambie. Nitakaa kimya."

Nezia alisimama pale na begi lake. Alimsubiri amkatize. Hakukatizwa. Basi kubwa lilipiga honi huko barabarani, wala hakugeuka.

"Kuchelewa kwako hakujawahi kunisumbua," alisema. "Lakini kila mwanamke mkorofi kwenye filamu zako unampa sauti yangu. Yangu hasa, Sele, na kukohoa kwangu. Nikienda sokoni wananisemesha kwa sauti hiyo na kucheka. Mimi mwenyewe sasa naona haya kuongea."

Sele alifumbua mdomo, akaufumba. Akasogea kitandani kumpa nafasi, na Nezia, begi likiwa bado begani, akakaa.