Kadi ya Lifti

Tangu meneja alete ule mfumo wa kadi kwenye kompyuta, ofisi ya matengenezo ilipendeza kuliko ilivyofanya kazi. Kila kazi ilipewa kadi, na kila kadi ikakaa kwenye safu moja kati ya tatu: Inasubiri, Inafanyika, Imekwisha. Meneja alijigamba kwamba mfumo haumbani mtu, kila mmoja ahamishe kadi anavyoona inafaa. Karani wa malalamiko alimwamini. Mtu aliyechoka kutukanwa kwenye simu huamini chochote.

Kadi iliyomnyima raha ilikuwa moja, ya lifti mbovu ya jengo alilokaa mama yake, ghorofa ya saba. Miguu ya mama ilikuwa imegoma, na wiki ya tatu sasa hakuwa ameshuka. Alhamisi dada wa pekee wa mama akafariki. Maziko yalipangwa Jumamosi, saa nne asubuhi.

Karani akaipaka kadi rangi nyekundu, akaandika chini yake habari ya msiba, akawataja mafundi wote. Wakamjibu kwa vijipicha vya vidole gumba. Ijumaa alasiri, akiwa ameshakata tamaa, akaiona kadi imehamia Imekwisha. Alishusha pumzi, akampigia mama yake na kumwambia ajiandae.

Jumamosi saa tatu alikuta mlango wa lifti umezibwa kwa utepe. Akampigia fundi wa umeme, yule waliyemwita Shoti.

"Kwangu imekwisha, dada," Shoti alisema. "Mota nimeishusha, nimewapelekea karakana. Kuirudisha ni kazi yao."

"Na kadi yao iko wapi?"

Shoti akafikiri, kisha akasema hilo labda amuulize meneja. Simu ya meneja iliita mpaka ikakatika.

Akapanda ngazi. Mama alikuwa ameketi karibu na mlango, amevaa nguo zake nyeusi, mkoba mapajani, miguu iliyovimba imelazimishwa ndani ya viatu. Majirani wawili walimbeba na kiti chake. Hawakumaliza hata ngazi za ghorofa moja. Mmoja aliteleza, kiti kikapiga ukuta, na mama akaomba arudishwe.

Saa nne ikafika, ikapita. Karani alisimama katikati ya sebule, hajui ashike nini. Akatoa simu, akaihamisha kadi kutoka Imekwisha kuirudisha Inasubiri. Ndicho pekee alichoweza, na alijiona mjinga kukifanya.

"Si ulisema imekwisha?" mama aliuliza.

"Nilisema, mama."

Alingoja alaumiwe, maana lawama angalau angeweza kuijibu. Mama akatazama saa ya ukutani, akasema sasa watakuwa wanafukia. Kisha akanyoosha miguu, akamwomba mwanawe amvue viatu.