Dole la Bibi Vifungo

Katika kiwanda kile cha mashati, kila shati lilipita mikononi mwa wanawake wote: huyu kola, yule mfuko, na mwisho kabisa vifungo. Vifungo vilikuwa vya ajuza mmoja ambaye mdomo wake haukujua likizo. Wenzake walimwita Bibi Vifungo.

Asubuhi hiyo msimamizi alimjia ameinua simu, kama mtu aliyemkamata mwizi wa kuku.

"Bibi, yule mkataji niliyemfukuza kaandika mtandaoni kwamba choo chetu kinafungwa saa za kazi. Na hili dole gumba la kupenda hapa chini ni lako. Picha yako hii!"

"Kwani hakifungwi?" Ufunguo wenyewe ulikuwa unaning'inia kiunoni mwa msimamizi.

"Sikuulizi habari za choo! Baada ya chakula utalitoa dole hilo mbele ya wote. Hutaki, vua aproni uende."

Bibi alishika sindano, uzi ukagoma kuingia. Kazi ile ndiyo iliyomlisha yeye na wajukuu. Kulitoa dole ni kugusa tu. Lakini kulitoa kwa kuamriwa? Hata marehemu mumewe hakuweza kumchagulia cha kupenda, na alijaribu, maskini.

Kwa amri ya msimamizi, simu za wafanyakazi zilikaa kwenye beseni mlangoni mpaka saa ya chakula. Kengele ilipolia, msimamizi alitoka kwenda kula, na Bibi alilibeba beseni akalitua mezani.

"Mashoga, leo tunashona simu. Kila mtu afungue yake, ampe jirani. Jirani abonyeze dole anapotaka, kisha aisogeze mbele, kama shati."

"Popote?" aliuliza mshona kola.

"Popote. Choo, mbuzi wa kuuza, harusi za watu."

"Je, mume wangu akikuta nimempenda mganga wa nguvu za kiume?"

"Mwambie ni dole langu. Atashukuru kimoyomoyo."

Walicheka mpaka chakula kikapoa.

Msimamizi aliporudi na kutazama, madole yalikuwa yamejaa chini ya maneno ya mkataji, hata la shemeji yake msimamizi, mshona mifuko.

"Nani kafanya hivi?"

"Simu ni zetu, vidole hatuvijui," alisema Bibi. "Na kidole cha asubuhi pia hatukijui. Si wewe uliyetaka zilale beseni moja?"

Msimamizi akakumbuka simu yake ya pili, aliyoiacha ikichaji karibu na meza ya vifungo. Aliirukia, akaibana kifuani.

"Na hii mmeigusa?"

"Hatukuigusa, mwanangu. Unachopenda wewe ni chako." Bibi alimtazama anavyotoka jasho. "Kumbe unaelewa."

Hakuna aliyerudi kwenye mashine yake. Wote walikuwa wanamtazama, shemeji mbele kabisa.

Bibi alinyoosha mkono. "Sasa lete ufunguo. Chai imenibana."

Msimamizi aliufungua kiunoni, taratibu, akampa. Bibi akaenda na aproni yake, akaingia chooni, akajifungia kwa ndani.