Gari Halina Shida

Mume wangu Adow ana pikapu mpya, na shokabzoba za nyuma zinalia. Gari likipita kwenye shimo, hata dogo, hutoka mlio kama wa punda aliyekanyagwa. Mbuzi anaowaleta sokoni kutoka Bura wamezoea. Mama yake, Maka, hakuzoea. Ana mgongo mbovu, na siku aliyopanda alishuka akasema hapandi tena mpaka hicho kitu huko chini kinyamazishwe, kwa sababu kila kikilia mgongo wake unaitikia. Basi la abiria ndilo hataki hata kulisikia.

Sasa Maka alitaka kupelekwa Hadado kumwona mdogo wake, Ardo, ambaye tulisikia anaugua-ugua. Kutoka hapa Garissa hadi Hadado ni kutwa nzima, na mashimo hayahesabiki. Kwa hiyo safari ikangoja shokabzoba.

Gari lilikuwa bado na waranti. Nilivyoelezwa, kitu kikiharibika kabla ya muda fulani, waliokuuzia wanatengeneza bure. Adow akaenda kwa kampuni iliyomuuzia, wakachukua maelezo, wakamwambia atapigiwa simu kutoka Nairobi.

Akapigiwa. Nilikuwa kando yake nikimenya vitunguu. Binti mwenye sauti laini akauliza, "Mzee Adow, gari lako liko aje?"

"Nabad," akasema Adow. "Salama kabisa. Gari iko sawa, hakuna shida, alhamdulillah."

Binti akashukuru, akakata.

Adow akaitazama simu. "Mbona amekata? Sijamwambia."

Watu wa kwetu watanielewa. Ukiulizwa hali, jibu la kwanza ni nabad, amani. Nyumba imeungua, ni amani. Ngamia wamekufa, ni amani. Kisha mnakaa, chai inaletwa, unaulizwa mara ya pili, na hapo ndipo unasema kwamba, kwa kweli, nyumba imeungua. Kumtupia mtu balaa kabla hajameza mate ni kukosa adabu. Lakini binti wa Nairobi hakuwa na chai, wala hakuuliza mara ya pili.

Adow akaomba apigiwe tena. Binti alipopiga, nilikuwa nimeshamkanya mume wangu. Anza na kelele, nilimwambia. Akaitikia kwa kichwa. Simu ikalia, akaipokea, mdomo ukasema amani wenyewe. Nilikasirika mpaka wali ukaungua, na tukaula hivyo hivyo.

Jioni ile Maka akampigia Ardo kumjulia hali. Nabad, akasema Ardo, hakuna shida, msijisumbue. Tukamshukuru Mungu, tukaendelea kungoja.

Waranti ilipokaribia kuisha nilifunga duka langu la vitambaa, nikaenda na Adow kwenye kampuni. Fundi mkuu, Mutuku, mtu mpole wa kutoka Mwingi, akatuambia Nairobi walishafunga kesi hiyo. Mteja mwenyewe amesema gari halina shida. Amesema mara mbili.

"Mimi nilisalimia tu," akasema Adow. "Hii gari inabiga kelele sana. Lakini huwezi kuanza na hiyo."

Mutuku akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Yaani nikikuuliza hali, utasema salama hata kama si salama?"

"Ndiyo."

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Unauliza tena," akasema Adow.

Mutuku akafikiri. Akavuta kiti, akakaa, akauliza tena. Adow akamweleza yote: njia ya Bura, mbuzi, mgongo wa mama yake. Wakaliendesha gari hadi kwenye tuta la langoni, na punda akalia mpaka mlinzi akageuka kumtafuta. Bahati nzuri shokabzoba za gari hilo zilikuwepo stoo. Kufikia alasiri walikuwa wamefunga mpya.

Nyumbani, Maka akazungushwa mtaani, mashimo yote. Akashuka akasema sawa, mgongo umekubali. Tutaondoka keshokutwa, kwanza afue nguo zake. Adow akampigia Ardo, habaryar wake, yaani mama mdogo, kumpa habari, akaweka simu kwenye spika ili sote tusikie.

"Habaryar, hali yako?"

"Nabad, mwanangu. Hakuna shida. Msiharakishe, njia ni mbaya."

Adow alishapeleka kidole kukata. Kisha akakirudisha. Akavuta kiti, akakaa.

"Habaryar," akasema, "hali yako?"

Tulisikia mbuzi wa huko wakilia. Kisha Ardo akasema hajasimama kwa miguu yake tangu mvua zilipokatika, na kwamba chakula hakipiti. Akasema kila gari likija kutoka upande wa Garissa humtuma mtu aende akaangalie ni la nani.

Nilijisikia vibaya sana. Wiki zote hizo tulikuwa tunangoja gari linyamaze, naye alikuwa anatungoja sisi.

Nilipogeuka kumtazama Maka, hakuwepo. Nguo zake zilikuwa kwenye beseni, zimeloa, na yeye alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, amefunga mkanda.