Lulu ya Ishirini

Niseme mapema ili tusije tukavunjiana heshima: tangu Wafipa waanze kulima ulezi, hajatokea mtu wa nchi kavu aliyeijua bahari kama mimi, Timoth. Samaki wananijua kwa jina. Ile lulu ya ishirini, iliyowatoa jasho vijana wa mtaa wetu wa Mazwi pamoja na baridi yote ile ya Sumbawanga, niliipata mimi, peke yangu, bila kuelekezwa na mtu.

Bahari yenyewe ilikuwa ndani ya tivii ya Zenon.

Zenon alikuwa mfanyabiashara kijana, mmoja wa wale ambao biashara huria iliwakuta wameshakaa mkao wa kula. Mitumba, betri, vioo vya kujitazamia, vyote alivibeba kutoka Tunduma. Safari moja akarudi na mashine ya gemu, akaiweka kwenye chumba cha nyuma ya duka, akatundika pazia mlangoni, na walimu wa mjini wakaanza kuhutubia madawati. Mimi sikuwa mtoro, msinifikirie vibaya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na matokeo nayo yalikuwa yananisubiri mimi kwa nia mbaya.

Gemu lilikuwa la Kijapani, kwa hiyo majina tulitunga wenyewe. Mzamiaji mwenye kofia kubwa ya chuma tulimwita Mzee Sufuria. Pweza, ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona akiwa hai, tulimwita Shemeji, kwa sababu akikushika haachii mpaka umempa kitu. Mzee Sufuria alitembea chini ya maji, akiruka jiwe hadi jiwe, akivuta hewa kwenye mapovu, na kazi yake ilikuwa kukusanya lulu zilizofichwa. Zilikuwa ishirini, hesabu inaonekana kwenye pembe ya kioo. Kila mtu alifika kumi na tisa, na hapo ndipo Ufipa nzima ilipogota. Tulitafuta ndani ya meli iliyozama, kwenye mdomo wa chaza, hata kwapani mwa Shemeji, ambaye ana makwapa mengi. Wapi! Na mashine haikuwa na pa kuhifadhi ulichopata. Umeme ukikatika, na umeme wetu ulikuwa na tabia zake, unarudi sifuri.

Siku moja Zenon akatangaza kwamba anataka mtu wa kusimamia chumba akiwa safarini. "Wa kwanza kuzipata zote ishirini ndiye atakayeshika ufunguo. Atacheza bure, atalala hapa hapa, na chai ni juu yangu."

Kwangu huo haukuwa ufunguo wa chumba, ulikuwa ufunguo wa maisha. Maana wiki hiyo hiyo Bibi Cornelia, mama yake baba, alishuka mjini kutoka Mwazye juu ya lori la mahindi, sweta mbili na kitenge juu yake, kuja kunichukua nikalime intumba.

Asiyejua intumba ashukuru Mungu wake. Mvua zikielekea ukingoni, Mfipa anayejiheshimu anakwatua nyasi, anazikusanya, anazifukia kwa udongo mpaka shamba zima linajaa matuta ya mviringo, kama wazee waliochutama wakajifunika blanketi. Nyasi zinaoza humo taratibu, na msimu unaofuata matuta yanatawanywa, ulezi unapandwa. Ni kazi inayovunja mgongo ukiwa bado unaihadithia tu. Na ina sheria moja ambayo sisi tunafundishwa kabla ya meno kuota: tuta halikanyagwi. Liwe lako, liwe la adui yako, unapita pembeni. Mimi nimewahi kuchapwa kwa ajili ya tuta na mzee ambaye hata hakuwa ananifahamu, na nyumbani nikaongezwa.

"Bibi, nipe mpaka Jumamosi," nilimwomba. "Kuna kazi naifuatilia."

"Kazi gani?"

"Ya majini."

Bibi akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Wewe? Kirando kule ziwani ulikwenda mara moja, ukalowa vifundo vya miguu, ukaugua mafua mpaka Pasaka."

"Hii ni ya maji makavu, bibi."

Hakubishana. Alikuja kujionea. Akawa anakaa kwenye benchi la nyuma kabisa, kitenge kimemfunika kichwa, kimya kama gunia. Sote tuliamini amelala, na Zenon kwa heshima hakumtoza.

Mpinzani wangu alikuwa Malimi. Wazazi wake walihamia huku kutoka Usukumani na ng'ombe wao, na kwa kuwa yeye ni mtani wangu, tulikuwa hatusalimiani bila matusi.

"Mtani, sogea," aliniambia Jumatano ile. "Vidole vyako vina ugali wa ulezi, pedi ya kuchezea inateleza."

"Shika, lakini usiipigie mluzi. Hiyo si ndama."

Zenon alikuwa amekwenda kufuata mzigo. Chumbani tulikuwa mimi, Malimi, na lile gunia letu kwenye benchi. Malimi akacheza. Hana ufundi, anamwendesha Mzee Sufuria kama anaswaga mifugo kwenda mnadani, lakini akafika kumi na tisa kama wengine. Halafu akafika kwenye uwanda wa mchanga, mwisho kabisa wa bahari.

Uwanda ule sote tuliujua. Una vichuguu vitatu vya mviringo, nyasi zimechomoza juu. Hakuna aliyewahi kutuambia tuviruke, ila kila kijana wa Mazwi akifika pale alibonyeza kitufe cha kuruka, akapita juu kwa juu, akaendelea na shughuli zake. Hata hatukujua kwamba tunaruka. Ukipita mbele ya kanisa unavua kofia, nani anakuuliza kwa nini?

Malimi hakuruka. Alipita katikati ya vile vichuguu kama ng'ombe wa baba yake wanavyopita katikati ya mashamba yetu kila mwaka, na kesi hazijaisha mpaka leo. Cha kwanza kikaporomoka. Cha pili kikaporomoka. Cha tatu kikafumuka, na ndani yake, jamani, lulu! Tivii ikapiga muziki ambao hatujawahi kuusikia. Ishirini kwa ishirini. Mzee Sufuria akavua sufuria lake, kumbe ana upara.

Hapa naomba tuelewane. Aliyeshika pedi ni Malimi, sikatai. Lakini aliyekuwa anatoa maelekezo kutoka pembeni, kwa sauti kubwa, ni mimi. Pedi ni nini? Pedi ni jembe tu. Nani amewahi kulipongeza jembe?

Hatujamaliza kushangaa, umeme ukakata. Lulu zote zikapotea, na Malimi akaitwa na baba yake waende mnadani na ng'ombe, wasirudi mpaka mwisho wa wiki. Mungu akikufungulia mlango namna hiyo, kuugeuzia mgongo ni utovu wa adabu. Zenon aliporudi, nilimpokea kabla hajashuka kwenye baiskeli.

"Bosi, nimezipata zote."

"Lulu ya ishirini iko wapi?"

"Ndani ya tuta la tatu."

Akaguna. "Tuta? Wewe Mfipa ukavunja tuta?"

"Maisha ni kujitoa mhanga, bosi."

"Haya. Jumamosi uifanye mbele yangu, ufunguo uuchukue."

Jumamosi chumba kilifurika mpaka pazia likaanguka. Zenon amesimama karibu na tivii, ufunguo unaning'inia kidoleni. Bibi yuko kwenye benchi lake, mzigo wa safari miguuni, maana lori la Mwazye lilikuwa linaondoka mchana huo huo. Malimi naye alikuwa amerudi, kaegemea mlango, amekunja mikono, ananitazama kama mtu anayemtazama fisi aliyevaa tai.

Nikacheza. Nikacheza vizuri, mashahidi wapo. Meli, chaza, Shemeji nikamkwepa, kumi na tisa hizo. Nikafika uwandani. Matuta matatu mbele yangu, hewa ya Mzee Sufuria inapungua. Nikamwambia kidole: nenda. Kidole kikabonyeza kuruka. Nikamrudisha Mzee Sufuria. Kidole kikabonyeza kuruka tena. Mgongoni nilihisi kabisa mahali ilipokuwa inatua fimbo ya yule mzee.

"Unangoja nini?" Zenon akauliza.

"Napima upepo, bosi."

"Chini ya maji?"

Watu wakacheka. Malimi akajitoa mlangoni. "Hawezi huyo. Bosi, matuta yale nilikanyaga mimi Jumatano. Mtani alikuwa mtazamaji."

"Mwongo!" Nikasimama, pedi mkononi. Mzee Sufuria akafa maji nyuma yangu, sikujali. "Nilikanyaga mimi! Yote matatu, kwa miguu yangu! Una shahidi? Mlete hapa, au shahidi wako ni ng'ombe?"

Shahidi kweli hakuwa naye. Zenon akatutazama mmoja mmoja, kisha, kwa kuwa mimi ndiye niliyemtajia lulu ilipo, akaunyoosha ule ufunguo kuelekea kwangu. Niliugusa. Ulikuwa wa baridi, mtamu.

Ndipo gunia la kwenye benchi likainuka.

"Nani amekanyaga matuta?" Bibi aliuliza.

Hata wale waliokuwa wanakula karanga waliacha kutafuna.

"Shikamoo bibi," Zenon akasema. "Ni huyu Timoth, anasema ni yeye."

"Marahaba. Matuta ni yako, baba?"

"Eeh... ni yangu, bibi. Mashine ni yangu."

Bibi akaja mpaka mbele, akanivuta sikio, akanisogeza pembeni kama pazia. "Basi pole sana, baba, kwa hasara. Lakini mtoto wa mwanangu usimfunge bure. Muongo ni muongo, tangu anatambaa, hilo sitetei. Ila mkanyaga matuta kwenye ukoo wetu hayupo. Siku ile nilikuwa macho. Aliyekanyaga ni huyu kijana wa ng'ombe, na nilimwona mpaka tuta la mwisho." Akageuka akanishika bega, kwa fahari ambayo sijawahi kuiona usoni mwake. "Huyu wangu alikuwa amejifunika macho kwa mikono yote miwili, analia, 'Malimi, usikanyage, mwenye shamba atatuua!'"