Bafu la Kupiga Bandi

"Kunywa, baba."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, na tangu jana mchana hujatia kitu kinywani?"

Mzee alikisukuma kikombe cha chai kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayemrudishia mwenye duka noti bandia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala pajani. Ulilala hivyo tangu kiharusi kilipompitia, miezi minne nyuma, na tangu hapo ndipo alipohamia kwa binti yake, kwenye vyumba viwili vya kupanga: kimoja cha kulala, kingine cha cherehani, pasi, vitambaa vya watu, na kiti kimoja cha mbao cha kukalia wateja.

Binti mwenyewe mtaa mzima ulimwita Mama Pindo. Hakuna aliyekuwa hajampelekea suruali ya kukunjwa pindo, na hakuna aliyekuwa hajaomba afanyiwe leo leo.

Mwanzo alidhani chai ni tamu mno, akapunguza sukari. Kisha akadhani ni dawa zinamkata hamu. Jana yake, huko zahanati, muuguzi aliufinya mgongo wa mkono wa mzee, na ngozi ikabaki imesimama vile vile kama mkunjo uliopigwa pasi. "Huyu mzee hanywi maji," muuguzi alisema. "Mkiendelea hivi, figo zitagoma." Njiani kurudi ndipo mzee alipolitoa, akitazama barabara, si mwanawe.

"Nikinywa, nitakwenda. Nikienda, utanishika."

Basi lilikuwa hilo. Bafu lao lilikuwa nyuma ya chumba cha kulala: sakafu ya saruji iliyolainishwa na miaka ya sabuni, choo cha kuchuchumaa, bomba moja, ndoo moja. Mzee hakuweza kuchuchumaa peke yake. Wiki mbili zilizopita alijaribu, akaanguka, akakaa chini dakika ishirini bila kuita mtu. Tangu siku ile binti yake alimshika makwapani huku uso ameugeuzia mlangoni. Kwa hiyo mzee, aliyekuwa karani wa mizani miaka thelathini na mmoja na hajapata kukosea hata gunia moja, alipiga hesabu zake mwenyewe akaona heri afunge maji kwenye chanzo.

"Mficha uchi hazai, baba," Mama Pindo alimtania.

"Mimi nimeshazaa. Ndiyo maana nauficha."

Alicheka. Akaenda kwenye cherehani kama mwenye kazi ya haraka, na hapo machozi yakamtoka, akayafuta kwa kipande cha bitana ya mteja. Liwalo na liwe, alijiambia, bafu hili litatengenezwa.

Hodi iliyopigwa saa mbili asubuhi ilikuwa ya Fundi Timazi, mwashi na mtandika vigae, mtu mrefu, mwenye suruali yenye madoa ya saruji mpaka mfukoni. Alikuja na makadirio aliyoombwa jana jioni, karatasi moja iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umetuletea bei au umetuletea msiba?"

"Bei tu, mzee wangu. Msiba hauandikwi."

Mama Pindo akaikunjua karatasi juu ya meza ya kukatia. Kubomoa sakafu. Kuzoa kifusi. Saruji. Mchanga. Vigae, mita za mraba kumi na nane. Choo cha kukalia. Bomba na viungo vyake. Kibali. Ufundi. Chini kabisa jumla, imepigiwa mistari miwili: milioni moja na laki nne. Yeye alikuwa na laki tisa. Laki hizo tisa alizitunza miaka mitatu kwa ajili ya mashine ya kufunga kingo za vitambaa, ambayo bila hiyo hakuna shule iliyokubali kumpa kazi ya sare. Sare zingengoja. Lakini hata akiziacha sare, bado alipungukiwa na laki tano.

Hakulalamika. Alifanya kile anachofanya mteja anapomletea kitambaa na kudai kinatosha: alichukua tepu yake shingoni, akaingia bafuni, akapima. Sakafu, mita moja na nusu kwa moja nukta nane. Kuta akazipima mpaka usawa wa kifua, mahali vigae vingeishia, akatoa mlango. Akaandika kwa chaki juu ya meza.

"Fundi, mimi napata kumi na moja na nusu. Wewe umepata wapi kumi na nane?"

"Kuna vinavyovunjika, Mama Pindo. Kuna vya kukata kwenye pembe."

"Hata mimi nakata. Nikikata gauni, vipande vya kutupa haviwi gauni la pili. Vinavyovunjika ni vingapi?"

Fundi Timazi akakuna shingo. "Mita moja na nusu hivi."

"Basi kumi na tatu. Zimebaki tano. Tano zinakwenda ukuta gani?"

Mzee, kitini kwake, aliinua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile kuonekana ana hamu na kitu.

Fundi alitazama mlango, kisha akateremsha sauti. "Hizo hazina ukuta. Hizo ni za afisa wa vibali."

"Kibali si umekiandika hapa?"

"Kibali ni cha ofisi, na kina risiti. Afisa ni mtu mwingine, ingawa ni yule yule. Asipoona kitu, anakuja siku ya pili ya kazi, anasimamisha. Sasa yeye haandikwi. Siwezi kuweka mstari 'afisa'. Kwa hiyo tunamtia kwenye vigae. Mafundi wote mtaani wanamtia kwenye vigae. Penye udhia, penyeza rupia, wazee walishasema."

"Wazee gani? Mimi sikusema," mzee aliingilia.

"Na kwenye mchanga yupo?" Mama Pindo aliuliza.

"Kwenye mchanga kidogo."

Mama Pindo hakuona sababu ya kumkasirikia. Fundi alikuwa na uso wa mtu aliyeshikwa na mzigo usio wake. Akakunja karatasi, akaitia kwenye kibeti. "Kibali nitakifuata mwenyewe. Saa nane uje."

Ofisi ilikuwa na benchi moja na watu kumi na saba. Afisa alikuwa kijana nadhifu, mpole, mwenye mhuri kwenye kisahani cha chai. Zamu ya Mama Pindo ilipofika, saa tano kasoro, aliisoma karatasi bila haraka, na jicho lake lilipofika kwenye vigae likapumzika kidogo hapo, kama la mtu aliyeona jina lake gazetini.

"Kazi nzuri," alisema. "Una barua ya mwenye nyumba?"

"Sina. Ni choo tu, afisa. Baba yangu ni mgonjwa."

"Pole sana. Lakini sheria inasema mabadiliko ya kudumu yanataka kibali, na kibali kinataka barua."

"Ya kudumu ndiyo yepi?"

Swali hilo kumbe hakuwahi kuulizwa. Alifikiri kwa nia njema kabisa. "Kilichojengewa kwa saruji. Kisichoweza kutoka bila kuvunjwa. Ukiingiza kiti bafuni, hayo hayatuhusu. Hata ukiingiza kabati. Ukimwaga zege, tunahusika."

"Ahsante, afisa."

"Karibu. Lete barua, tutasaidiana." Neno tutasaidiana alilitamka taratibu.

Mwenye nyumba aliishi mitaa miwili mbele, mama mtu mzima, mwenye sauti laini na funguo nyingi kiunoni. Alimkaribisha, akampa maji ya baridi, akamuuliza hali ya mzee, na alivyosikitika alisikitika kweli. Karatasi ya makadirio aliisoma yote kwa furaha.

"Mwanangu, nitakuandikia barua hata sasa hivi. Nyumba ikipendeza, mimi nichukie?"

"Nashukuru, mama."

"Ila tuelewane mapema, nisije nikaonekana mbaya. Kitakachojengewa ni cha nyumba. Siku ukihama huondoki na choo."

"Sawa. Na kodi?"

"Kodi itabidi ipande. Elfu sitini tu kwa mwezi. Vyumba vyenye choo cha kukalia na vigae si bei ya vyumba vyako vya sasa. Uliza popote."

Mama Pindo akaweka bilauri chini. "Lakini choo ninakijenga mimi, mama. Kwa pesa yangu."

"Ndiyo. Nami nakushukuru."

Alisema hivyo bila kejeli hata chembe, na hilo ndilo lililomkata maini Mama Pindo. Angemtukana, wangegombana, moyo ungepoa. Badala yake mwenye nyumba alimpangisha Mama Pindo hisani yake mwenyewe, kisha akamsindikiza mpaka mlangoni na kumwambia amsalimie mzee. Barua Mama Pindo aliikataa kwa adabu, akasema atarudi.

Jua lilikuwa kali. Alitembea akiwaza neno moja alilolisikia kwa watu wawili waliokuwa hawajaambizana: kilichojengewa. Afisa alikitaka kilichojengewa, mwenye nyumba alikitaka kilichojengewa. Kisichojengewa hakuna aliyekuwa na haja nacho. Na yeye maisha yake yote alikuwa akifanya kazi na vitu visivyoshonwa bado. Gauni la bibi harusi hulipigi mashine siku ya kwanza. Unalipiga bandi kwanza, uzi mweupe, mishono mirefu ya mkono, linavaliwa, linazungushwa mbele ya kioo, na ukitaka unauvuta uzi mmoja na kitambaa kinabaki kizima kama kilivyotoka dukani.

Saa nane Fundi Timazi alimkuta anamngoja mlangoni.

"Sitaki saruji," Mama Pindo alimwambia. "Nataka baba yangu aingie bafuni peke yake, akae, asimame, atoke, na siku nikihama niondoke na kila kitu ndani ya mkokoteni mmoja."

"Bila saruji?"

"Hata kijiko."

Fundi aliingia bafuni, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Lipu ikadondoka. "Vyuma vya kushikia havitakaa hapa. Ukuta huu unamung'unyika, skrubu itatoka na mzee ataondoka nayo." Akaangalia juu, chini, juu. Kisha akacheka peke yake, akatoka mbio.

Alirudi na jeki ya chuma, lile bomba refu ambalo waashi hulisimamisha chini ya mbao wakati zege la dari halijakauka. Akalikita kati ya sakafu na boriti ya dari, kando ya choo, kipande cha mpira juu na kingine chini, akalizungusha mpaka likakaza. Akaning'inia kwa uzito wake wote. Halikutikisika.

"Hili linabeba ghorofa," alisema. "Mzee wetu hafikii kilo sitini."

"Hamsini na nane na nusu," mzee alisahihisha toka chumbani.

Kwa sakafu aliunda chaga ya mbao ya kulazwa tu juu yake, nyembamba, yenye nafasi za kupitisha maji. Kilichobaki kilikuwa kiti. Mama Pindo alitazama huku na huku, akakivuta kiti cha wateja, akakiondolea kitambaa kilichokifunika.

"Na wateja wako?" fundi aliuliza.

"Watasimama. Kwani wanakuja kulala?"

Msumeno ukafanya kazi yake. Tundu likakatwa, kingo zikapigwa msasa mara mbili, kisha Mama Pindo akazifunga sponji na ngozi ya plastiki kwa mkono wake, mshono mdogo mdogo, kazi ambayo angeifanya kwenye kola ya koti la harusi. Kiti kikawekwa juu ya choo, miguu yake imefungiwa kwenye chaga kwa skrubu nne.

Kabla ya magharibi aliirudisha ile karatasi mezani. "Fundi, andika upya. Kila kitu kwa jina lake."

Akaandika. Jeki, iliyokwishatumika. Mbao. Sponji. Skrubu. Ufundi wa nusu siku. Jumla, elfu tisini na tano.

"Mwandike na afisa."

"Mama Pindo, jamani!"

"Mwandike. Leo ana mstari wake."

Fundi Timazi aliandika, huku akitabasamu kwa hofu: *Afisa, hakuna.* Chini yake, bila kuambiwa, akaongeza: *Mwenye nyumba, hakuna.*

Halikuwa bafu la kusifia. Kuta zilibaki na ukungu ule ule, bomba liliendelea kudondoka, jeki ilikuwa na kutu na harufu ya ujenzi. Mtu mwenye haki ya kukaa kwenye choo kizuri alikuwa amepewa kiti chenye tundu, na binti yake alilijua hilo, likamuuma. Droo ya mikasi sasa ilikuwa na bisibisi pia, ya kufungulia skrubu siku ya kuhama.

Mzee aliomba karatasi. Akaisoma mstari kwa mstari, midomo ikitembea, jinsi alivyokuwa akisoma hati za mizigo. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Kisha akanyanyuka kwa fimbo yake, akavuka chumba cha kulala, akaingia bafuni, akafunga mlango.

Wawili walibaki nje wakitega sikio. Walisikia chaga ikilia, chuma kikishikwa, kimya, halafu maji kwenye ndoo. Mama Pindo alikuwa ameugeuzia mlango mgongo, kwa mazoea.

Mzee alitoka, amejifunga mshipi mwenyewe, umepinda kidogo. Akafika kitini kwake, akakaa, akapumua.

"Mama," alimwita binti yake. "Ile chai ya asubuhi umeimwaga?"

"Imepoa, baba. Nikupashie?"

"Pasha. Na ujaze kikombe, usinipunjie."