Mlango wa Kidawa

"Bi Somoe, tangu lini mlango wa mjane ukawa soko?"

Jirani yangu Kidawa aliniuliza hivyo akiwa nyuma ya pazia, askari wa akida alipokwisha kulivunja kaango lake la vitumbua. Akida Hilal alikuwa ametoa amri: hapa Chole chakula chochote kiuzwe ndani ya banda jipya la soko, na atakayeuza nyumbani kwake atafungwa. Kidawa alikuwa kwenye eda ya mumewe, hatoki nje, na kwa desturi yetu alikaa nyuma ya pazia hata kwa jamaa zake. Wanunuzi walikuwa wakiacha pesa kizingitini, wakachukua vitumbua, wasimwone. Wanawe hawakuwa na riziki nyingine.

Nikamwambia asubiri, Mungu ana njia. Akasema njia ipo. Wadachi walipotweka bendera yao walitangaza mbele ya watu kwamba dini ya mtu haitaguswa, na neno lile ni kubwa kuliko amri ya akida. Basi shauri lipelekwe kwa Mdachi mwenyewe, Bwana Shauri, mwamuzi wa boma. Na kwa kuwa Kidawa mwenyewe hatoki, akamtuma kaka yake Muhidini, ambaye ndiye walii wake wa kumsimamia, akamsemee. Akamfundisha maneno mpaka akayashika.

Nami nilikwenda bomani, nikakaa ukutani na wanawake wenzangu. Muhidini alianza vizuri. Mdachi akasikiliza, kisha mkalimani akatufasiria: ikiwa dini inamkataza mjane huyu kutoka, amri ya akida haimfiki. Je, ni kweli inamkataza?

Akida Hilal alikuwa amekaa kando ya Mdachi. Alimtazama tu Muhidini, na sote tulijua kuwa jana yake akida alikuwa amemweka kuwa msimamizi wa lile banda.

"Ni mila za wanawake, bwana," akasema Muhidini. "Akitaka, atatoka."

Nikainamisha uso kana kwamba nimesema mimi.

Alasiri alikuja kwa dada yake, nami nipo. Akasema tumeshindwa, Wadachi hawasikii la mtu.

"Maneno yangu uliyasema, kaka?"

"Yote."

Sauti ya Kidawa ikanigeukia mimi. "Bi Somoe, ulikuwepo?"

Nilitazama tasbihi yangu, nikasema nilikuwepo. Sikuongeza, wala hakuuliza tena.

Mkono ukatoka chini ya pazia na sahani ya vitumbua, vya unga wake wa mwisho, alivyovipika kwenye kaango langu.

"Kula, kaka. Umeshinda na njaa kwa ajili yangu."

Muhidini aliitazama ile sahani. Akapapasa viatu vyake kwa miguu, akavivaa, akatoka, vitumbua vikabaki pale pale.